Jinsi Orville Alivyovua Sweta na Kuiokoa Maktaba

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyeshika kikombe cha kahawa akiweke chini kisimwagike, niwasimulie siku Orville Stuckey, simba wa kiti cha kuegemea, mtawala wa rimoti, alipoinuka akaenda vitani katika kijiji cha Mill Fork, jimbo la Ohio.

Haukuwa uchaguzi wa rais. Huo hata wavivu huupigia foleni. Swali lilikuwa moja: kodi ndogo ya maktaba iendelee, au maktaba ifungwe? Kwa miaka arobaini kura za namna hii Orville alimwachia mkewe, Lavonne, akimwambia, "Nenda utupigie sote," na Lavonne akimjibu, "Kura si mkate, siwezi kukubebea." Februari walimzika Lavonne. Alimwachia Orville sweta jekundu alilolifuma mwenyewe, kifuani herufi nyeupe: NDIYO KWA MAKTABA.

Hilo ndilo shujaa alilolivaa kama ngao. Alivuka bahari ya majani makavu, akalipita jibwa la akina Yoder lililonguruma kama jeshi, akavivuka vibendera viwili vilivyochomekwa hatua arobaini kutoka kituo cha zimamoto, ambamo kura zilipigwa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini jioni. Mlango ungefungwa saa moja na nusu.

Hapo mlangoni alisimama msimamizi Doreen Hostetler, mlinzi wa lango asiyehongeka hata kwa keki, jirani yake tangu ujana.

"Orville, mavazi ya kampeni mwisho kwenye vibendera," akanena. "Livue hilo."

"Doreen, ulimwona Lavonne akilifuma. Jikoni kwako."

"Nilimwona, na nilimwambia mikono yake imezidi urefu. Livue."

"Nitaligeuza ndani nje."

"Alilifuma likasomeka pande zote mbili. Unamjua mkeo."

"Ndani nimevaa nguo ya kulalia. Ina bata."

"Bata hawagombei chochote mwaka huu, mzee wangu."

Watu wawili ndani wakacheka. Shujaa akatazama nyuma, kwenye njia ya nyumbani. Wiki nzima hakuwa amelivua sweta lile ila kuoga, maana kola yake ilikuwa bado na harufu ya mafuta ya mikono ya Lavonne. Nani angemlaumu akirudi? Kura moja tu.

Doreen akainyoosha mikono. "Lete nilipakate," akasema polepole. "Halitagusa sakafu."

Basi Orville Stuckey akavua ngao yake. Doreen akaikunja, maandishi yakiwa ndani, akaipakata kama mtoto mchanga. Naye shujaa, bata kumi na wawili wa manjano wakimtangulia kifuani, akaingia, akatia sahihi, akajaza kiduara kimoja kwa wino mweusi, akailisha mashine karatasi yake. Saa moja na dakika ishirini na tisa.

Matokeo yalipobandikwa mlangoni, yalisomeka: Hapana, mia mbili na kumi na tatu. Ndiyo, mia mbili na kumi na nne. Sare ingeizika maktaba.

"Lavonne angesema nini?" Orville akamwuliza Doreen, akilivaa sweta lake.

"Angesema umechelewa miaka arobaini."

Naam, yaandikwe hayo kitabuni, na kitabu hicho kiwekwe Mill Fork, maana pa kukiweka bado papo.