Gari ni la Wananchi

Peguy alimsikia Mheshimiwa kabla ya kumwona. Yeye Peguy alikuwa amesimama katika maegesho yaliyo nyuma ya maduka ya Umbilo Road, Durban, kizibao cha njano kifuani, akimwonyesha dereva mmoja nafasi ambayo dereva mwenyewe alikwisha kuiona. Ndiyo kazi iliyomlipia chumba: kulinda magari ya watu na kungoja sarafu dirishani. Kazi yake ya pili, ile aliyozaliwa nayo, ilikuwa kuuza maneno.

"Ile mama iko inatembea kwa miguu!" sauti ilifoka kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Kijiji kwa kijiji! Haina parti, haina gari, haina hata kipaza sauti! Na watu wanaifuata!"

Aliyefoka alikuwa mtu mnene wa suti ya buluu, anatoka kwa daktari wa meno, simu sikioni. Peguy alimtambua papo hapo. Sura ile aliikuta kwenye kalenda za kwao tangu hajajua kujipangusa kamasi: Mheshimiwa Onesphore, mbunge wa Kasimbwe, wilaya ya mihogo na matope huko Kongo, mtu ambaye wapiga kura wake humwona kila uchaguzi, kama kupatwa kwa jua. Na "ile mama" lazima alikuwa Clementina, muuza unga aliyejitokeza kuwa mgombea binafsi. Habari zake zilikwisha kufika hadi Durban.

Sasa, mjanja wa kweli haombi riziki. Huisogelea tu na kuisalimia.

"Honorable! Karibu Durban. Tulikuwa tunakungoja."

Mheshimiwa alikata simu. "Nani wananingoja?"

"Watoto wako. Diaspora yote ya Kasimbwe." Peguy alivua kizibao taratibu na kukificha nyuma ya mgongo. "Miye njo president wao."

Umoja huo ulikuwa umezaliwa dakika ileile, kati ya Toyota na Volkswagen, na tayari ulikuwa na rais. Kuna nchi zilizoanza kwa maandalizi machache zaidi.

Mheshimiwa alinyoosha mkono haraka, na alikuwa na sababu. Kule Kasimbwe neno la mtoto aliye nje lina uzito. Yeye ndiye anayetuma sukari, ada na dawa, hivyo sauti yake ikiingia kwenye simu, boma zima hukusanyika kuisikiliza. Bibi asiyemsikiliza padri humsikiliza mjukuu wa Durban. Mtoto akisema "mpigieni huyu kura", mjadala umefungwa.

"Wanaweza kutuma sauti nyumbani? Waseme niko mutu muzuri?"

"Honorable, hiyo ni kazi ndogo. Sema shida kubwa."

Shida kubwa ilikuwa gari. Mheshimiwa alikuwa amenunua basi dogo la Japani pale bandarini, katika zile yadi za magari yasiyoruhusiwa kutembea Afrika Kusini, ya kupita tu kwenda nje. Lilikwisha kufungwa vipaza sauti juu, tayari kwa kampeni, ila mawakala walikuwa wanamzungusha na kampeni inakaribia. Hakuwa na dereva wa kumwamini.

Peguy alilazimika kukohoa ili moyo wake usisikike. Kwa muda mrefu alikuwa anakitamani kibanda kimoja cha kuuzia simu kule mtaa wa Greyville, chenye kabati la vioo na kiti cha kuzunguka. Rangi ya ukuta alishaichagua. Kilichobaki ni fedha tu, na fedha yenyewe sasa ilikuwa imesimama bandarini, ina magurudumu manne. Gari lingefika Lusaka, likutane na mnunuzi aliyemjua, na Mheshimiwa angeletewa habari ya kusikitisha kuhusu majambazi. Peguy alianza kuitunga palepale, na sehemu ya dereva kufungwa kamba ilimgusa hata yeye.

"Dereva niko naye," alisema. "Mwaminifu mpaka anachosha."

Dereva alikuwa Tito, Mtanzania ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kupandisha magari ya bandarini hadi Kongo. Lakini Tito hakuwasha hata redio bila ruhusa ya mkewe, Agathe, na Agathe alikuwa mzaliwa wa Kasimbwe, mwenye saluni Greyville. Peguy akaenda kumwona.

"Kwa hiyo unataka kumwibia Honorable," alisema Agathe, vidole vikiendelea kusuka.

"Kuiba? Dada Agathe! Miye ninamupunguzia mzigo. Na wewe utapata sehemu yako."

"Na Mama Clementina?"

"Yeye iko anatembea. Kutembea ni afya."

Agathe alimaliza msuko mmoja, akaanza mwingine. "Sharp, sawa. Tito ataendesha. Leta Honorable na hao watu wako wa umoja hapa saluni Jumapili. Lakini na miye nitaongea."

"Ongea, dada! Ongea sana!"

Msomaji akumbuke kwamba Agathe alibembelezwa kuongea. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Peguy alikuwa anakichimba kwa shangwe.

Jumapili saluni ilijaa. Wana-Kasimbwe waliokaa chini ya mashine za kukaushia nywele walikuwa wote walinzi wa magari, mashati yamepigwa pasi, na Kasimbwe hawakuijua hata kwenye ramani. Masharti yalikuwa mepesi: mtu apige makofi kila Mheshimiwa anapovuta pumzi, kisha kuna wali na kuku. Mheshimiwa aliwapita mmoja mmoja akiwashika mikono, mpaka akamfikia Yeremia, mtu wa Mbeya.

"Wewe mwanangu, wa kijiji gani?"

Peguy alifumba macho.

"Mimi wa kule... nyuma ya mlima, mheshimiwa," alisema Yeremia.

"Ah! Nyuma ya mlima!" Mheshimiwa alimkumbatia. "Watu wangu wale! Na ile barabara niliwajengea, mnaionaje?"

"Inateleza vizuri sana."

Kwa kuwa barabara haikuwapo, na mlima wenyewe haukuwapo, hakuna aliyesema uongo mkubwa kuliko mwenzake. Agathe peke yake, mbele ya kioo, aliinamisha kichwa akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akasimama, simu mkononi.

"Honorable, unajua wamama wa kwetu. Wanataka kusikia mutu kwa sauti yake. Niko ninarekodi. Hili gari unalotuma, niwaambie ni la nani?"

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoponzwa na mazoea. Muulize mwanasiasa mzoefu kitu ni cha nani, mbele ya watu, na mdomo wake hujibu wenyewe, bila kumpigia hodi mwenye mdomo.

"Gari si langu!" alinguruma. "Miye niko mutumishi tu! Gari ni la wananchi wa Kasimbwe! Walipande, wapange wenyewe litembee wapi na libebe nani!"

Walinzi walipiga makofi mpaka Peguy akawaonea huruma mikono. Agathe aliachia kitufe, sauti ikaenda. Kabla wali haujaisha ilikuwa imezunguka Kasimbwe yote na kurudi kwenye simu ya Mheshimiwa mwenyewe kutoka kwa binamu zake. Alijisikiliza akalengwa na machozi. Kesho yake akamkabidhi Tito funguo na karatasi, akampa "Monsieur le Président" mkono wa kwaheri, akapanda ndege kwenda mji mkuu, akapange kampeni yake kutoka hotelini kama kawaida.

Peguy alimkabidhi mlinzi mwingine nafasi yake pale maegeshoni, na kizibao akampa bure. Bosi wa walinzi naye, Peguy alimwambia maneno mawili matatu yaliyokuwa moyoni siku nyingi. Kisha akakaa kungoja simu ya Lusaka, na simu ikaja.

"Kaka, Lusaka nimepita," alisema Tito.

"Umepita namna gani?"

"Salama."

"Na mununuzi?"

"Nilimpungia mkono."

"Tito!"

"Kaka, mke wangu kasema nisisimame. Nikirudi Durban ninalala kwake, silali kwako."

Peguy alikata simu, akala kiapo, akameza kiapo. Kumshitaki Agathe angemshitaki wapi? Kwa Mheshimiwa? Siku zilizofuata alizunguka mjini akiwa hana gari, hana kibanda, na pale Umbilo Road nafasi yake ilikwisha kukaliwa. Aliumia, na tusimcheke sana, maana mwenye ndoto ya kibanda anaumia sawa na mwenye ndoto ya ghorofa. Mwishowe alikwenda saluni amekunja ngumi.

"Umeniingiza mjini, Agathe!"

"Punguza sauti, niko na wateja."

"Gari iko wapi?"

"Kwa wenyewe. Wananchi walikutana, wakapanga. Wakasema Mama Clementina ndiye anatembea zaidi, apande yeye, na wagonjwa. Honorable alituma watu kulichukua. Wakasikilizishwa sauti yake mwenyewe, kwa vipaza sauti vyake mwenyewe, mbele ya kanisa. Wakarudi mikono mitupu."

"Na miye? Miye nimepata nini?"

"Wewe mama yako anakutafuta." Agathe alibonyeza simu, akamwekea sikioni.

"Peguy mwanangu," ilianza sauti ya mama iliyorekodiwa. "Agathe ametuambia ni wewe ulimusemesha yule mutu mpaka akatoa gari. Miaka yote hatukupata kwake hata msumari. Jana shangazi yako tulimufikisha hospitali mbele ya jua kuwaka. Zamani tungemubeba na machela, na labda angefia njiani. Mama Clementina akasema jina lako kwenye kipaza sauti, watu wote wakasikia. Nililia, mwanangu."

Peguy alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa na hasira bado, ila haikujua ikae wapi, kwa sababu furaha ilikuwa imejaza nafasi. Hakuna aliyewahi kulitaja jina lake kwenye kipaza sauti isipokuwa polisi.

"Lakini," mama aliendelea, "sasa watu wa ng'ambo ya mto wanauliza: lao litafika lini?"

Sauti ikaisha. Peguy alijifuta uso, akasafisha koo, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kurekodi.

"Mama, waambie wa ng'ambo ya mto watulie. Nimekwisha kuongea na wakubwa. La kwao iko bandarini, inangoja karatasi kidogo tu. Na daraja pia tunaliangalia."

Agathe alimnyang'anya simu. "Eish! Uchaguzi unaokuja simama wewe."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akateleza kitini. Peguy hakucheka. Alikuwa amegeukia kioo, anainyoosha kola, na ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kulifikiria.