Tundu Katika Mtandio wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeamka na wazo. Wazo kubwa! Jumamosi saa nne asubuhi mama mkwe anapigwa picha studio pamoja na binti zake wawili. Anatimiza miaka sabini, na atafika kwa basi asubuhi hiyohiyo. Mpigapicha ametafutwa na mwanyumba wangu, mume wa shemeji. Mimi moyoni namwita Bwana Pasi, maana hata soksi zake zimenyooshwa. Kila jambo yeye wa kwanza. Safari hii hapana.

Mama mkwe atavaa mtandio wake wa lesi, aliofuma kwa mkono wake. Uzi mwembamba kama utando wa buibui. Mtandio mzima unapita ndani ya pete. Umetunzwa kwetu, ndani ya sanduku juu ya kabati, na mke wangu amekataza mtu yeyote kuugusa. Mpango ni huu: nifume glavu za lesi zisizo na vidole, mchoro uleule, nimkabidhi mama mbele ya wote. Bwana Pasi atatafuta pa kuficha uso.

Sijawahi kufuma. Lakini mimi ni fundi saa. Mtu anayefunga skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga atashindwa na uzi?

Ili niige mchoro lazima niwe nao mkononi. Mke wangu alipokwenda kazini nilipanda kiti. Mtandio sasa uko dukani kwangu, kwenye droo ya mikanda ya saa. Kuazima si kuiba.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Asubuhi nilikwenda duka la nyuzi. Mwenye duka, Mama Nyuzi, alinishauri nianze na uzi mnene na skafu ya kawaida, kama wanafunzi wake wote. Nikamshukuru sana. Nikachukua uzi mwembamba kuliko wote.

Nilianzisha vitanzi sabini na viwili kwenye sindano. Baada ya mistari mitatu vilikuwa arobaini na kimoja. Vingine vimekwenda wapi? Sijui. Sikuviona vikiaga.

Mchana nikatandaza mtandio mezani, nikavaa kioo changu cha kukuzia jichoni, nikaanza kuhesabu mchoro. Majani madogo yaliyopeana migongo. Mzuri ajabu. Mteja akaingia. Nikainuka ghafla. Kumbe uzi mmoja ulikuwa umenasa kwenye jiliwa yangu ndogo ya kubania saa!

Ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayefyonya.

Tundu. Ukubwa wa uso wa saa ya kike. Na chini yake vitanzi vinaporomoka kimoja kimoja, kama watu wanaoshuka ngazi bila haraka. Nikipumua, kimoja kinashuka. Nikaacha kupumua. Mteja akaniuliza kama ni mgonjwa. Akachukua saa yake ikiwa bado haijatengenezwa, akaondoka.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sikupata lepe la usingizi. Nimerudi kwa Mama Nyuzi. Nikamwambia nina rafiki, mzembe kweli, ametoboa mtandio wa lesi. Akasema kwanza rafiki huyo akibane kila kitanzi kwa pini, kisha amletee yeye. Akauliza mchoro gani. Ulimi hauna mfupa. Nikasema majani yaliyopeana migongo.

Mama Nyuzi akaweka sindano zake chini. Akasema mkoa mzima huu anayejua kufuma hivyo ni mwanamke mmoja tu, na ndiye aliyemfundisha yeye. Macho ya mwalimu wake huyo yameingia ukungu, hajashika sindano mwaka wa nne sasa. Mtandio wa majani ndio kazi yake ya mwisho. Alianza kuufuma mumewe akiwa mgonjwa, akaumaliza akiwa mjane.

Hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Au nimewahi kuambiwa, sikusikiliza.

Mama Nyuzi akaniagiza nimsalimie rafiki yangu, na nimwambie asiuguse tena kwa mikono yake. Alinitazama mikononi alipokuwa akisema hivyo.

Niliketi kwenye ngazi za duka la dawa jirani. Sikuwa na wazo lolote, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Ilidumu kama dakika kumi. Kisha nikajiambia: nikimpa Mama Nyuzi mtandio, kesho mama mkwe anajua. Nitautengeneza mwenyewe. Nimebana vitanzi kwa pini kumi na tisa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Bwana Pasi ameingia dukani bila hodi! Mtandio ulikuwa mezani. Pa kuuficha palikuwa mahali pamoja tu. Nikauweka kwenye kiti, nikaukalia.

Pini kumi na tisa. Nilitabasamu.

Alikuja kubadilishiwa mkanda wa saa, akakaa dakika ishirini akisifu studio aliyoichagua. Akauliza mbona natokwa na jasho. Nikasema joto. Akasema kuna baridi. Nikasema ndiyo, baridi ya joto. Alipokuwa mlangoni akakumbuka: mama haji tena Jumamosi. Anakuja kesho alasiri, tiketi amemkatia Bwana Pasi mwenyewe.

Kesho! Maji yamenifika shingoni. Na sehemu nyingine pia zinauma.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimefunga duka, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nimefiwa. Nikashona kutwa. Kila kitanzi nilichookoa kiliangusha kingine. Mwishowe nikavifunga vyote kwa mafundo, nikavuta. Tundu limeziba, ila pamevimba kama jipu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la nondo. Nondo hula nguo, kila mtu anajua! Nikatafuta nondo aliyekufa, nikamwokota nyuma ya duka, nikawahi nyumbani mke wangu akiwa bado kazini, nikaurudisha mtandio sandukuni na kumlaza mdudu juu yake. Nikashuka kitini nikiwa na amani kidogo.

Mama mkwe akafika saa kumi. Nikampokea mzigo, nikamwamkia kwa adabu zote. Hata maji hakunywa kwanza, akaomba mtandio wake. Mke wangu akafungua sanduku, akapiga ukelele. Nami nikapiga, kwa nguvu zaidi. Nikalaani nondo wa siku hizi, wasio na huruma.

Mke wangu akamwinua mdudu kwa ncha ya bawa. Bawa la njano, lenye madoa ya buluu.

“Huyu ni kipepeo,” akasema.

Macho ya mama mkwe yalikuwa ukutani, vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya mtandio, jani baada ya jani. Nilivitazama. Nikaviomba vipite. Vikafika pale, vikasimama.

“Mdudu wenu huyu,” akasema taratibu, “nani kamfundisha kufunga fundo?”

Saa ya ukutani ilisikika. Nimeirekebisha mimi mwenyewe hiyo saa, na sijawahi kuichukia hivyo.

“Ni mimi, mama,” nikasema. Nikaeleza yote: kiti, droo, jiliwa, pini. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Mke wangu akamrudisha kipepeo sandukuni, akalifunga. Afadhali angenifokea.

Mama mkwe alikaa sana na ule uvimbe kati ya vidole viwili. Nilidhani analia. Kisha akauliza kama uzi ule mwembamba ninao bado. Nikasema ninao.

“Basi kesho saa kumi na mbili uje hapa na sindano, na chai yangu, na macho yako. Vidole ninavyo mwenyewe.”

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa miguuni pake. Akanifanya nifumue mafundo yangu yote, moja moja. Tundu likawa kubwa kuliko lilivyokuwa. Nikaona giza. Akasema jeraha husafishwa kwanza.

Mimi nikawa nasema ninachokiona: kitanzi, nafasi, vitanzi viwili pamoja. Yeye akawa anapitisha sindano. Mwanzoni alikosea, akafumua, akakosea tena. Saa mbili. Saa tatu. Nikamwambia labda avae mwingine. Akaniambia ninyamaze nihesabu.

Saa tatu na nusu gari la Bwana Pasi likapiga honi nje. Vimebaki vitanzi vinne. Honi tena! Nikaruka, na kitanzi kikachomoka kwenye sindano. Nikanyoosha mkono kukivuta.

“Usivute, baba. Ngoja.”

Akakitafuta kwa ukucha. Kilishuka mstari mmoja, wa pili. Akakipata ukingoni mwa wa tatu. Nilikuwa nimeng'ata kola ya shati langu.

Tukawahi. Studio, saa nne kasoro dakika mbili. Kwenye picha huwezi kuona pale palipokuwa na tundu. Mimi naona, lakini mimi najua. Mpigapicha alipomwambia mama atabasamu, alikuwa anatabasamu tayari. Njiani kurudi akamwambia mke wangu kwamba hakujua kama vidole bado vinakumbuka. Mke wangu akanishika mkono. Kidogo tu.

Jioni mama akaniita. Akasema atanifundisha kila Jumatano kwa masharti mawili: hataki njia za mkato, na hataki uongo. Nikaapa. Akanianzishia skafu ya lesi, vitanzi thelathini, mistari minne tu kabla hajanikagua. Bwana Pasi akasikia. Naye akaomba sindano! Akapewa.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Bwana Pasi amempigia simu mke wangu, ati tayari ana mistari kumi na miwili, na imenyooka. Mimi nina miwili, na mmoja wake unaelekea kuwa soksi.

Sitakubali. Nimepita kwenye duka kubwa la nguo, nikakuta skafu ya lesi ya mashine, rangi ileile kabisa. Nimekata lebo ya kiwandani kwa kisu changu kikali kuliko vyote. Nimeikunjakunja kidogo ionekane imeteseka. Jumatano naiweka mapajani mwa mama, imekamilika, mbele ya Bwana Pasi.

Kwa macho yale ya mama, atajuaje?