Kitalu cha Vishonanguo

Jumatatu, 3 Machi
Wamepita watu arobaini na mmoja mbele ya mlango wangu leo. Nimewahesabu. Waliosema shikamoo, sita. Aliyekaa, hakuna, ukiondoa kuku wa jirani. Miaka thelathini nilikuwa bawabu wa shule, hata mwalimu mkuu alisimama mbele yangu. Sasa wote wanakwenda kuketi kwenye benchi la Fundi Viatu, ng'ambo ya njia, hata wenye viatu vizima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mimi nitakufa na ugonjwa wangu, dawa yote iko kwa Fundi.

Jioni nimechomoa vishonanguo kumi na saba kwenye suruali. Vile visindano vyeusi vya porini, vyenye ua dogo jeupe na kiini cha njano. Nikapata wazo. Mwenye vishonanguo lazima asimame, ainame, achomoe kimoja kimoja. Robo saa nzima. Atahitaji kiti. Kiti ninacho.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeng'oa mchicha. Maua ya marehemu mke wangu sikuyagusa. Nimepanda kishonanguo kando ya njia, mistari miwili, kwa kamba, na samadi juu. Mama mwenye kuku akaja kushangaa. Akasema wenzangu hung'oa gugu hilo, mimi nalilisha? Nikamwambia ni dawa ya magoti. Akaomba ya mama yake.

Binti yangu alipiga simu. Baba, hamia kwangu. Nikamwambia nina shamba la kuangalia.

Jumapili, 27 Aprili
Samadi imeniponza. Mimea imenifika kifuani, majani mapana, sindano hamna. Pale kwa Fundi limeota shina moja kwenye ufa wa saruji, yatima kabisa, sindano tele. Kumbe gugu nalo likibembelezwa linadeka. Kuanzia leo halionji maji.

Jumatano, 14 Mei
Sindano zimekauka. Nikafuta kiti, nikaketi ndani, nikachungulia dirishani.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu. Akajipenyeza kwenye mistari yangu, akaondoka na sindano si chini ya thelathini, wala hakusimama. Kumbe mtu hazihisi papo hapo. Anazinduka baada ya hatua ishirini. Nimepima kwa miguu yangu mwenyewe. Hatua ishirini kutoka kwangu ni benchini kwa Fundi.

Kufika saa sita walikuwa watano pale, wanachomoana na kucheka. Mimi nimechimba kisima, mwenzangu anateka.

Ijumaa, 16 Mei
Nimekwenda kupeleleza. Ili nisionekane, nilipita kwenye kitalu kinyumenyume, kama mtu anayerudi nyumbani. Nikafika kwa Fundi mgongo mzima umeota manyoya.

Fundi akauliza, mzee wangu, leo umelala shambani? Wote wakacheka. Akanikalisha mwisho wa benchi. Akaweka kiatu cha watu chini, akaanza kunichomoa mgongoni, pale mkono wangu usipofika. Hakuharakisha. Akasema miaka miwili nafasi ile wanaiacha wazi, kila akitaka kukaa mtu anaambiwa hiyo ni ya mzee, sogea. Akauliza mbona siji.

Nikasema nina kazi nyingi.

Sijaguswa mgongo tangu mke wangu afariki. Nikakaa mpaka sindano ya mwisho. Ni mjanja sana huyu mtu, ananilainisha ili nitoe siri.

Jumamosi, 17 Mei
Binti kapiga tena. Akauliza kama nina mtu wa kuzungumza naye. Nikamwambia mpango uko karibu.

Suluhisho nimelipata. Kitalu nitakihamisha hatua ishirini nyuma, huko watu wanakotokea. Wazinduke mlangoni kwangu. Safari hii bila samadi. Ni miezi miwili tu, na mbegu ninazo debe zima. Kiti nimekipaka rangi.

Shina moja nimelihamishia nyuma ya nyumba. Kesho asubuhi nitaliegemea kidogo, kwa mgongo, kisha nivuke kwa Fundi. Siendi kuketi. Naenda kupeleleza.