Bata Asiyegongwa Begani

Jumapili, 1 Novemba

Nimemwona Bata. Dukani, kwenye televisheni ya mteja niliyokuwa nimeifungua mgongo. Sekunde nne tu! Kisha mwezi ukaanguka kisimani na maandishi yakatokea: Ijumaa ya tarehe 13, baada ya magharibi, kituo kitafanya usiku maalumu wa kusherehekea miaka thelathini ya "Kisima cha Mwezi", katuni iliyolea nusu ya Misri, na kutuonjesha ile mpya, "Kisima cha Jua". Wageni, kumbukumbu, vipande ambavyo hakuna aliyeviona.

Hakuna aliyenipigia simu.

Naandika ili haki ijulikane siku nikifa. Picha zilichorwa ughaibuni, sawa. Lakini Bata alipofika Cairo alikuwa bubu kwa Kiarabu. Mimi, Shawqi Bastawisi, mfagizi wa studio, ndiye niliyempa ulimi. Bata anasema mara sitini na moja. Kobe anasema mara arobaini. Mwisho wa filamu, jina la nani lilitangulia? La Kobe. Bi Inshirah Qandil, sauti ya Kobe, mtoto wa redio, binti wa watu. Langu lilipita watu wameshasimama wanatafuta viatu vya watoto.

Na nani asiyejua kwamba kobe husema polepole? Mara arobaini, lakini kila neno linatambaa. Kwa sekunde amenizidi karibu maradufu. Hesabu hiyo nimeipiga zamani. Tangu hapo nakutana naye misibani tu, na hata huko nakaa upande wa mlango.

Mke wangu, Mama Wagdi, akasema labda kituo hakina namba yangu. Nikamwambia namba iko juu ya mlango wa duka, rangi nyekundu, RIMOTI NA MADISHI, Shubra nzima inaijua.

Akasema basi labda wanayo.

Jumatatu, 2 Novemba

Nimekwenda kituoni mwenyewe. Mlinzi akauliza mimi nani. Nikamfanyia Bata. Akacheka mpaka akavua kofia, akamwita mwenzake, nikarudia. Kisha akaniomba nimfanyie Kobe. Nimeingia ndani na kinyongo.

Mtayarishaji ni msichana, Ustadha Shahinaz. Akaniamkia kwa heshima, akaniletea chai, akanitazama kama mtu anayezuia tabasamu. Sofa ya wageni ina nafasi nne: mtangazaji, mwandishi wa magazeti, mtu wa kampuni inayoleta filamu mpya, na Bi Inshirah. Katuni nzima, na sauti zimepewa kiti kimoja! Nikamuuliza Bata atakaa wapi. Akasema nisiwe na wasiwasi, Ijumaa hiyo nisiende popote, watanipigia.

Watanipigia. Ndivyo nami ninavyowaambia wateja ambao rimoti zao zimeshapotea.

Nikamaliza chai yao, nikaomba nyingine, nikaimaliza na hiyo.

Jumatano, 4 Novemba

Mpango wa kwanza. Umma umdai Bata. Umma ukichelewa, mimi nianze kwa niaba yake.

Nimepiga simu kituoni tangu asubuhi. Ajuza wa Tanta. Polisi mstaafu. Mwalimu wa Aswan. Mtoto mwenye mafua. Wote wanamtaka Bata, Kobe hata hawamkumbuki. Mtoto wa mafua alikuwa kazi bora. Nilikaribia kumtafutia dawa.

Nilipokuwa muuza miwa wa Mansura, akapokea Shahinaz mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha kwa upole: "Ustadhi Bastawisi, mbona leo watazamaji wote wanagonga meza kabla ya kusema?"

Nikakata.

Kosa la studio, si langu! Enzi zile hedifoni moja iliungua na mwenye studio hakununua nyingine. Iliyobaki aliivaa Inshirah. Yeye alimsikia bata wa kigeni. Mimi nilisimama mbele yake kama kiziwi, macho kwenye picha. Mdomo wa bata ukitaka kufunguka, ananigonga begani, nasema. Tangu hapo siwezi kuianza kazi mpaka kitu kigongwe. Hata kwenye harusi ya Wagdi, nilipotaka kuwaombea maharusi, niligonga sahani kwanza. Wakanijazia nyama.

Jumla: sauti tano, faida sifuri.

Alhamisi, 5 Novemba

Mpango wa pili, safi zaidi. Sofa haiongezeki. Basi watu wapungue.

Nimempigia Bi Inshirah kama karani wa kituo, kijana, pua imebana. Safari hii niligonga kwa ukucha, kidogo sana, panya asingesikia. Nikamwarifu kwamba kwa heshima ya sherehe anaombwa avae gamba la kobe, la sponji, lenye mkia, na afike Jumamosi kupimwa shingo.

  Nilimsikia akipumua, polepole, kama kobe.

"Una hakika ndivyo mnavyotaka, mwanangu?"

Nikasema ndivyo.

"Haya. Mwambie Shahinaz siji. Na asahau lile jambo letu la Bata."

Jambo la Bata! Kumbe walikuwa na jambo. Nilijua mimi. Mwanamke ananichimbia shimo na mtoto wa watu anamshikia taa. Nimemuwahi.

Nimenunua koshari, sahani kubwa ya wali, dengu na tambi, yenye kitunguu cha ziada. Mama Wagdi hakuuliza tunasherehekea nini. Alisema tu kwamba mara ya mwisho nilipoleta koshari ya namna hii, jirani alihama.

Jumamosi, 7 Novemba

Shahinaz amepiga. Bi Inshirah amejitoa, sababu hakusema. Je, nitakubali kukaa sofani? Nikamwambia nitazame ratiba yangu. Nikatazama dari. Nikakubali.

Hakuwa na sauti ya mtu aliyempata Bata. Akanieleza: tukio la kisimani litaonyeshwa bila sauti, nami nitalisemea palepale, moja kwa moja hewani. Akasita. "Utaweza peke yako, Ustadhi?"

Swali gani hilo? Nilianza na ufagio. Leo nina duka, nina ngazi mbili, nusu ya madishi ya mtaa huu niliyafunga kwa mkono wangu. Nani aliwahi kunishika mkono? Sikumjibu hivyo. Nilisema: ndiyo.

Jumanne, 10 Novemba

Suti ni ya shemeji. Mikono mirefu, suruali fupi. Nikiketi haitajulikana.

Mazoezi dukani kwa kanda ya zamani, sauti nimeizima. Kanda imechakaa: mdomo wa Bata unafunguka kabla sijawa tayari. Nimesafisha kichwa cha deki kwa spiriti. Bado unawahi. Nimebadilisha deki. Unawahi vilevile. Mama Wagdi, anamenya vitunguu saumu, akasema ni ajabu deki mbili kuugua ugonjwa mmoja.

Kugonga siwezi, maikrofoni itasikia.

Bega la kulia linaniwasha tangu jana. Nimelipaka kafuri. Wakati nalipaka nikakumbuka kitu. Alikuwa akigonga kwa vidole viwili. Na kabla ya kuanza kazi alikuwa akiigeuza pete yake, jiwe liingie ndani ya kiganja, lisiniumize. Kila siku, bila kusema. Hilo sikuwahi kulitia kwenye hesabu.

Si kitu. Labda lilikuwa linamuumiza yeye.

Ijumaa, 13 Novemba

Naandika haraka kabla sijaanza kuyatengeneza.

Taa. Kisima cha mbao, mwezi wa plastiki, watazamaji na watoto wao. Mtangazaji akanitambulisha, watu wakasimama. Wakasimama! Mama mmoja alimnyanyua mtoto anione. Miaka thelathini wamenisikia, leo wananiona. Nikaketi alipotakiwa kuketi Inshirah. Mto ulikuwa laini.

Picha ikaanza. Bata kwenye ukingo wa kisima, mwezi ndani ya maji. Mdomo ukafunguka.

Nikasubiri.

Naapa maneno niliyajua. Nayajua kuliko jina la babu yangu. Mdomo ukafunga. Ukafunguka tena. Bega langu lilikuwa peke yake duniani. Misri yote ikamtazama Bata akitafuna hewa.

Mtu wa kampuni akajisogeza sofani kwa aibu, kiwiko chake kikanigusa begani. Nikafyatuka! Lakini picha ilikuwa imeshahama. Ilikuwa kwa Malkia mjane, amesimama dirishani, anamlilia mumewe. Na Malkia mjane akatangaza, kwa sauti ya Bata, kwamba matako yamelowa na nani ana mkate.

Watu walicheka. Walicheka sana. Watoto ndio waliowahi kunyamaza. Walinitazama kama wanaoona mtu ameanguka ngazi. Wakaleta tangazo la sabuni.

Baadaye ikafika zamu ya filamu mpya. Jua linaanguka kisimani, rangi za ajabu, lazima niseme kweli. Wakataja sauti. Kobe: mwimbaji mmoja. Bata: yule kijana wa matangazo ya chipsi. Nikapiga makofi. Kamera ilikuwa inanitazama.

Nyuma ya pazia nikamwuliza Shahinaz jambo la Bata lilikuwa nini. Alinijibu bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bi Inshirah aliwakubalia filamu mpya kwa sharti moja: Bata awe mimi. Leo yeye angeketi sofani, mimi nifichwe nyuma ya kisima. Picha ingeanza, angenyanyuka na fimbo yake, azunguke kisima, anigonge begani mbele ya watu wote. Kisha wangetangaza majina yetu mawili kwa pamoja. Hakuna la kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. "Tungekupigia leo asubuhi. Ni yeye aliyekataza. Alisema ukijua mapema utaharibu."

Alipojitoa, kampuni ilitafuta wengine wawili.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, suruali fupi, upepo unaingia. Mama Wagdi alikuwa ameniwekea supu ya dengu. Alitazama kipindi chote. Akanisogezea kijiko. 

Jumapili, 15 Novemba

Wateja wananiuliza nani ana mkate. Mmoja alileta kabisa.

Baada ya alasiri akaingia Bi Inshirah. Koti la kijivu, fimbo. Hajawahi kukanyaga Shubra, nijuavyo mimi. Akaketi juu ya boksi la dishi kama kwamba ni kiti cha enzi. Nikaanza kumweleza kwamba nimesikia kituoni kuna karani mmoja mpumbavu, kijana, pua imebana. Akainua kiganja.

"Uligonga kwa ukucha, Shawqi. Mimi ndiye niliyekuzoesha kugongwa, nitashindwa kukujua?"

Nikamuuliza, basi kwa nini alijitoa. Akazitazama rimoti ukutani.

"Nilikuuliza kama una hakika. Ukasema ndivyo. Mtu akifika hadi kunivika gamba ili asikae nami, nimlazimishe?"

Nina sauti kumi na tisa. Hakuna iliyofaa.

Akaendelea, polepole, akiitazama fimbo yake. Hedifoni ya pili haikuungua. Fundi wa sauti aliwaambia mfagizi anachelewa, kila sentensi anachelewa, aondolewe. Yeye akasema Shawqi abaki na macho yake, masikio atakuwa yeye. Ile hedifoni nyingine aliificha ndani ya kabati la nguo, wakatunga hadithi ya kuungua, nisijisikie vibaya.

Miaka thelathini nimemlaani mwenye studio kwa ubahili!

Akasimama. Nikadhani anaondoka. Akazunguka nyuma yangu, nikamsikia akigeuza pete. Vidole viwili.

Bata akatoka. Mzima, kijana, kama siku ile: "Kobe, mwezi ukishalowa tutauanika wapi?"

Na nyuma ya shingo yangu Kobe akajibu, bila haraka: "Pale ulipoanguka, mpumbavu wangu. Subiri tu nifike."

Mteja aliyekuwa akingoja rimoti, mtu mzima mwenye masharubu, akaweka betri zake chini akajipangusa macho.

Mlangoni akaniambia kijana wa chipsi amewashinda, anaongea kama anauza kitu, na yule mwimbaji amegoma. Kampuni imerudi kwake. Jumatano atakwenda kuwajibu, na atalitaja jina langu tena. Sharti lake moja: nisifanye chochote. "Usipige simu. Usipange. Kaa, Shawqi. Kaa tu." Nikamwapia kwa macho yangu yote mawili.

Alipoondoka nililia kidogo, nyuma ya madishi. Kila msiba nilikaa upande wa mlango! Naandika nisije nikasahau: huyu mwanamke ni masikio yangu. Mipango basi.

Ila kuna jambo alilitaja akishuka kibarazani, kama si kitu. Katika filamu mpya Kobe anaimba. Dakika tatu nzima. Bata yuko kando, ameshika taa.

Dakika tatu! Kwa mwendo wa kobe! Na umri ule, na koo lile, na baridi hii. Ni kumwonea mama wa watu. Mtu anayempenda kweli hawezi kunyamaza. Kampuni inapaswa kusikia neno la daktari, daktari wa koo, mzee, wa Alexandria, mwenye kikohozi chake mwenyewe. Dakika moja ingemtosha. Mbili zilizobaki Bata anaweza kumbebea.

Mama Wagdi yuko kwa dada yake. Simu iko hapa mezani.

Ukucha ameshaujua. Nimegonga kwa kalamu.