Kamati ya Kufikiri kwa Sauti

Usijifanye hukuwepo. Ulikaa safu ya tatu, ukumbini Kibaoni, na mambo yalipoanza ukainamia simu yako kama mtu aliyeangusha jino humo.

Basi nakukumbusha. Idara ya Mashamba ilitangaza kwa furaha kubwa programu ya kusajili mashamba ya mpunga, kuchukua nafasi ya lile daftari lililosombwa na mafuriko likiwa ghorofa ya pili. Shamba lisilosajiliwa hadi Ijumaa litahesabiwa halina mwenyewe. Ila kwanza programu ijaribiwe kitaalamu: mwananchi aitumie huku akisema kwa sauti kila kinachompitia kichwani, na msimamizi asimsaidie kwa lolote. Katika kutomsaidia mwananchi, Idara ina uzoefu wa miaka mingi.

Akateuliwa Mama Kandida, mwenye ekari nne Masagati. Akapewa kishikwambi na kipaza sauti.

"Hamjambo wanangu. Naandika Kandida. Kinasema jina si sahihi. Padri aliyenibatiza hakulalamika."

"Endelea kusema," akasema msimamizi, Bi. Gladness.

"Sasa kinataka barua pepe. Jamani! Masagati hata barua ya karatasi huja na mtu anayekuja msibani."

"Endelea kusema."

"Ninachofikiri sasa sikisemi, kuna watoto humu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kamati ya majaribio ya Idara ikateta dakika kumi, ikatoa matokeo: programu haina kasoro, mtumiaji ndiye mwenye mawazo yaliyozidi kiwango. Mkuu wa Idara, Bwana Beatus, akainuka kutuonyesha jinsi mtaalamu anavyofikiri. Akakamata kipaza sauti.

"Tazameni. Nafungua ramani. Rahisi. Nabonyeza Masagati. Rahisi. Ekari nne za huyu mama... aa, hizi nilishamwandikia shemeji jana, ngoja niende za jira..."

Mkuu akatafuta pa kuzimia kipaza sauti. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kikapiga yowe. Akamtumbulia macho Gladness. Gladness, mtumishi mwadilifu, kanuni anaijua: hakumsaidia kwa lolote.

Mama Kandida akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Endelea kusema, baba."

Leo Alhamisi. Ekari za mama bado ziko kwa shemeji, na zako hujazitazama. Weka simu chini. Hapana, ichukue, itarekodi. Twende Idarani sasa hivi, tusimame nyuma ya kiti cha Mkuu, tujae hadi barabarani. Maneno ya kumwambia ni mawili tu, na safari hii umeyasikia.

Inuka!