Mama Glorious, Mjane wa Tingi

Jumatatu, 6 Julai 2026

Mkumbi. Baridi kali. Nimedhalilishwa.

Jirani yangu Ladislaus amenipiga picha nikiwa nimelala juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, mdomo wazi, akaituma kwenye kundi la wakulima. Watu thelathini na wanane wamecheka. Katekista amecheka mara mbili. Nimemtaka Ladislaus aifute. Amejibu kwamba simu ni yake. Nikamwuliza, na mdomo je, ni wa nani? 

Nimebandika tangazo kwenye ukurasa wangu: "Mimi, Hyasinti Kapinga, kuanzia leo simruhusu mtu, kampuni wala serikali yoyote duniani kutumia picha zangu, maneno yangu au uso wangu." Tarehe nimeweka. Saini nimeweka. Sasa niko salama kisheria.

Kimebaki kisasi. Nimefungua akaunti nyingine. Jina: Mama Glorious. Mkazi wa Tingi, mjane, mpenda kwaya. Picha: ua. Mtandao uliomba namba ya simu, nikaupa yangu. Ninayo moja tu. Ladislaus atamweleza mjane huyu siri zake zote, nami nitazimwaga kundini. Hakuna atakayejua. Ua halina uso.

Jumatano, 8 Julai

Ladislaus hajakubali urafiki. Ila mtu mwingine ameuomba mwenyewe: Devotha, mke wangu.

Nilikuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa, yeye jikoni. Hatua ishirini. Amemsalimu Mama Glorious, akauliza kama Tingi nako kuna baridi. Nimejibu kwa adabu. Kukataa kungeleta mashaka.

Ameandika kwamba kwao ni Liuli, ziwani, na amekumbuka usipa wabichi, wale dagaa wa huko. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hajawahi kuniambia kuwa anakumbuka usipa. Au aliniambia. Wakati wa mavuno sisikii vizuri.

Ijumaa, 10 Julai

Leo amemwaga habari za nyumba yangu. Kwamba mama yake ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwamba daktari wa macho atakuwa Liuli wiki ijayo tu, kisha anaondoka. Kwamba ameniomba ruhusa mara tatu aende akamsimamie mama yake, na mara zote nimemwambia tusubiri kahawa iishe. "Si mtu mbaya," ameandika, "ila ukimwambia jambo, yeye anasikia kahawa tu."

Nimekasirika mpaka nikamwaga debe zima la kahawa mbivu. Mambo ya ndani, kwa mjane asiyemjua! Usiri uko wapi siku hizi?

Nimemjibu, kama Mama Glorious, kwamba kwa picha niliyoiona mumewe anaonekana mwenye busara, tena mzuri wa sura. Amesema ile picha ni ya mwaka 2009.

Jumamosi, 11 Julai

Mchana. Ugali na maharage. Niliamua kumpa somo. Nilimweleza Devotha kwamba watu wa mtandaoni si wa kuaminiwa, kwamba mtu anaweza kuwa yeyote, kwamba habari za macho ya wazazi hubaki nyumbani.  Alinawa mikono, akachukua simu yake, akaandika taratibu.

Mfuko wa shati langu ukalia.

Tulitazamana.

"Pokea, mama," akasema. "Msomee na mume wangu."

Nilisoma kwa sauti. Ningefanyaje? "Mama Glorious, mwambie Baba Sixbert kwamba Jumatatu naenda Liuli kwa mama. Wewe anakusikiliza." Baba Sixbert ndiye mimi.

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Mtandao wenyewe ndio uliompelekea Mama Glorious, kwa kuwa namba yangu imo kwenye simu yake. Umewapelekea wote wenye namba yangu. Kundi zima la wakulima. Ndiyo maana juzi katekista aliniuliza kama marehemu mume wangu alizikwa Tingi. Nilidhani amechoka.

Nilimwuliza Devotha haoni aibu kuongea na mtu huku akijua si yeye. Alisema ni swali zuri, nijiulize nikiwa peke yangu.

Jumatatu, 13 Julai

Ameondoka na gari la asubuhi. Hakuniaga mimi. Alimuaga Mama Glorious.

Siombi radhi. Aliyenivunjia haki ni kampuni. Nimewaandikia malalamiko marefu: nani aliwapa ruhusa ya kumtembeza Mama Glorious kwa watu wanaonijua? Wamejibu baada ya dakika moja, yaani hawakusoma. Wanasema niliwaruhusu mwenyewe, nilipobonyeza "Nakubali". Nilibonyeza, ndiyo. Nani habonyezi? Ni kama kusema "nzuri" ukiulizwa habari.

Nimebandika tangazo la pili, herufi kubwa: NAKUBALI YANGU HAIKUMAANISHA NAKUBALI.

Nyumba imekuwa kimya. Nimepika ugali, umekuwa uji. Mara mbili nimefungua akaunti ya Mama Glorious kuona kama Devotha ameandika. Hajaandika.

Jioni Ladislaus alikuja kunisaidia kumenya kahawa. Amesema ile picha aliifuta Jumanne iliyopita. Mkewe Herieth alimgombeza. Sikuwa nimeangalia. Akasema niende Liuli, kahawa yangu ataigeuza yeye kila siku kichanjani. Nimekubali. Sikumshukuru. Msimamo ni msimamo.

Alhamisi, 16 Julai

Liuli. Nimeteremka milima yote mpaka Mbamba Bay, kisha huku, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mama mkwe alikuwa barazani. Jicho la kulia limepasuliwa jana, bandeji imetolewa leo asubuhi. Nikapiga shikamoo. Akaitikia, akanitazama muda mrefu, kisha akasema kumbe nimezeeka hivi. Miaka yote hii alikuwa akisikia sauti tu na kumwona yule kijana wa harusini.

Halafu akaniuliza Mama Glorious ni nani. Devotha amemwambia kwamba ni mama mmoja wa Tingi aliyenishawishi nimruhusu mke wangu aje. Ametoa furushi la usipa wakavu nimpelekee.

"Mwambie Mungu ambariki," alisema. "Bila yeye ningekuwa bado gizani. Wewe mwanangu husikii, lakini yeye umemsikia."

Nilimgeukia Devotha. Alikuwa anatazama ziwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kisha hakikuwa kicheko tena. Nilikaa karibu naye. Nilitaka kusema samahani. Nikasema usipa ni wazuri. Akasema ameelewa.

Nimekuja safari yote hii, na shukrani zote amepata mwanamke ambaye hayupo. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna hii.

Jumapili, 19 Julai

Tumerudi Mkumbi. Nimemfuta Mama Glorious mbele ya Devotha, kama nilivyoahidi. Roho imeniuma kidogo. Alikuwa na marafiki wengi kuliko mimi.

Sasa kwa kuwa mama mkwe anaona, naye ametaka kuingia mtandaoni. Shemeji yangu Tobias amempa simu. Akaunti nimemfungulia mimi kabla hatujaondoka. Mimi ndiye mwenye uzoefu. Neno la siri nimelichagua mimi. Pia nimeiweka akaunti hiyo kwenye simu yangu. Si upelelezi. Ni ulinzi. Mtandao una watu wabaya, na mama mkwe hajazoea.

Saa kumi jioni ujumbe wa kwanza umeingia kwenye akaunti ya mama mkwe. Unatoka kwa Devotha, yuko jikoni. Ameandika: "Mama, kuna jambo la Baba Sixbert nataka nikueleze wewe tu. Uko peke yako?"

Nikasimamisha mashine. Nikafuta mikono. Nikajibu: "Niko peke yangu, mwanangu. Sema."