Ombi la Kuwarudishia Wagonjwa Ugonjwa Wao

Xiaobei, Guangzhou
9 Machi 1998

Kwako Mzee Abass,
Mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wetu hapa.

Shikamoo, Mzee. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa uzima ndio hasa unaonifanya niandike.

Mimi ni Agripina, yule mwanafunzi wa mambo ya kale. Bweni letu lina unyevu, kwa hiyo vielelezo vya utafiti wangu niliviweka hotelini, chumba 604, kwa mfanyabiashara mwenzako Bi Mwanakhamis: pakiti kumi na tisa za majani ya dawa kutoka Pemba, na kigae cha chungu cha mganga wa zamani. Ripoti yangu inatakiwa chuoni Ijumaa, la sivyo narudishwa nyumbani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki iliyopita watu wa 604 walishikwa na mafua. Bi Mwanakhamis akafungua pakiti zangu, akachemsha nyungu, wakajifunika blanketi wakajifukiza. Nilipomuuliza, alisema, "Si umeandika mwenyewe juu ya pakiti, mwanangu? Homa. Kikohozi. Sisi tumefuata maelekezo." Hayakuwa maelekezo, Mzee. Yalikuwa kumbukumbu za utafiti.

2. Kigae kilikuwa na masizi ya kale, ushahidi kwamba mganga alikifukizia ubani. Dullah, kijana anayelala humo 604, naye amekifukizia ubani. Sasa siwezi kutenganisha masizi ya mganga na ya Dullah, na yeye ananiambia, "Kwani dada, si ndiyo kazi yake?"

3. Mwenye hoteli, laobani wetu, alisikia harufu, akaja na mizizi yake, akaitumbukiza, akaingia blanketini. Sura ya nne ya ripoti yangu inalinganisha tiba ya pwani na tiba ya Kichina. Zimechemka chungu kimoja.

4. Hili ndilo zito. Wamepona wote. Sura ya tatu inathibitisha kwamba majani hayaponyi. Kinachoponya ni mganga, ngoma na imani ya mgonjwa. Mle ndani hapakuwa na mganga wala ngoma, na Dullah hakuamini chochote. Alifuata joto tu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, waliopona warudi kuugua hadi Ijumaa. Kikohozi chepesi kinatosha. Pia chumba 604 kitangazwe eneo la kale: kisifagiliwe, na kila mtu abaki pale alipoketi mpaka nimfikie na brashi yangu. Na Bi Mwanakhamis asiende bandarini Huangpu kusimamia kontena lake, maana yeye ndiye tabaka la juu kabisa.

Najua wataona usumbufu. Watu wote niliowahi kuwachimba hawakulalamika.

Nisalimie Mama Fathiya na watoto, na ghorofa nzima ya sita, waliopona kwa pupa.

Mimi mwanao katika elimu,
Agripina

N.B. Tangu asubuhi nimekuwa na homa. Bi Mwanakhamis akanifunika, nami nikakubali ili tu nimthibitishie kwamba haifai. Nimepona, Mzee. Tafadhali usimwambie mtu augue. Sura ya tatu nimeichana. Kuhusu Ijumaa, profesa wangu anakohoa tangu juzi. Kesho namleta 604. Mwambie Dullah ampishe blanketini.